Neno Ambalo Sikulifikisha Mtoni

Mueni mwanangu,

Umeshuka kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na najua watakushikilia mpaka jua liguse vilima. Nimekaa hapa mlangoni na daftari langu la ngumbaru, lile ambalo unalicheka kwa sababu herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mambo ya blanketi, sabuni na jinsi ya kuwasalimu wakubwa wa chuo, shangazi yako Ndinda amekwambia tangu Jumatatu na bado hajamaliza. Mimi sitayagusa.

Kesho ukishuka stendi ya Machakos utakuta mtu anakungoja. Nataka umjue kutoka kwangu kabla hujauona uso wake. Ningekusemesha kwa mdomo, kwa Kikamba chetu, lakini kwa jambo hili mdomo wangu umekwepa miaka kumi na minne. Kiswahili cha ngumbaru kinanilazimisha kwenda polepole, neno kwa neno, na mtu anayekwenda polepole hawezi kuruka shimo.

Mtu huyo ni Syombua. Wewe ulimwita mama mkubwa. Ulipokuwa na miaka sita ulisimama langoni ukimlilia siku tatu, na mimi nikakwambia, "Mama mkubwa amechoka na wewe. Ameenda kwao." Uliacha kulia siku hiyohiyo. Hukumtaja tena. Nilifikiri nimekuponya.

Hakuchoka na wewe. Nilimfukuza mimi, kwa uongo mmoja mfupi sana. Nitakueleza jinsi ulivyokuwa.

Nilipoolewa na baba yako Kilonzo nilikuwa na miaka kumi na minane. Syombua alikuwa mkewe tayari kwa miaka tisa, na Mungu hakuwa amempa mtoto. Ni yeye aliyekuja kwetu kunitafuta. Alikaa kwenye kigoda cha mama yangu, akanywa uji wote, akasema, "Nimekuja kutafuta mwenzangu." Mama alinionya: mwanamke asiye na mtoto atakuwa mchungu kwako kama mwarobaini. Basi nikaingia mji ule nikiwa nimejiandaa kwa uchungu. Nikamkuta mwanamke mrefu, mcheshi, aliyenionyesha ni kuni zipi hazitoi moshi, na akanipa upande wa shamba wenye udongo mzuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na sikumpata adui. Unajua hilo huleta nini? Huleta hamu ya kumtafuta huyo adui mpaka umpate.

Kitu cha kwanza nilichomwonea wivu ni sauti yake. Haikuwa sauti ya kuimba, kwenye kwaya walimweka nyuma kabisa. Lakini akipiga nduru akiwa juu ya lile jiwe la nyuma ya boma, watu wa ng'ambo ya mto walisikia, na upepo ukiwa mwema hata wa sokoni Kanyangi walisikia. Wewe umekulia siku ambazo watu wanatumana barua na kuna simu pale posta. Wakati ule nduru ndiyo ilikuwa simu yetu. Ukiisikia, unaipokea hapo ulipo, unaipiga kwa jirani, ndipo unakimbia kule ilikotoka. Huulizi. Mtu aliyesikia nduru akaendelea kuchuma mbaazi, siku yake ikifika, naye ataachwa alie peke yake.

Nduru ya Syombua ilikuwa ikipokewa kabla haijaisha. Kila mtu alijua kwamba huyu halii bure. Alikuwa ameishi akisikiliza. Kuku akilia alijua bila kutoka nje kama ni mwewe juu au nyoka chini, kwa sababu kuku hulia namna mbili, na vifaranga wenyewe wanajua: kwa moja wanajificha, kwa nyingine wanarudi nyuma na kutazama. Alijua tumbili wa kando ya mto wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Wewe ulijifunza kutoka kwake. Ulikuwa na miaka minne ukiniambia, "Mama, usipite hapo, tumbili anasema nyoka," na nikakuchapa kwa kunifundisha. Fimbo ile haikuwa yako. Sikumchapa mtoto aliyekosa adabu. Nilikuwa namchapa Syombua.

Kwa maana ulipozaliwa nilidhani mambo yamekwisha: mimi nina mtoto, yeye ana sauti, tugawane dunia. Kumbe wewe ulipoanza kutembea ulimfuata. Ulilala kwake. Ulikula muthokoi kwake, mahindi yetu ya kukoboa, ukaja kwangu umeshiba. Na siku moja ukiwa umebebwa mgongoni mwake nikakusikia ukimwita "mwaitu". Mama yangu. Mimi uliniita "mama" tu, kama unavyomwita mwanamke yeyote aliyeolewa. Yeye alikurekebisha palepale: "Mwaitu wako ni yule pale." Hata hilo sikumshukuru. Nilijiuliza yeye ni nani hata anigawie jina langu.

Baba yako naye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, unamkumbuka. Lakini kila jambo la mji aliliuliza kwake. Mvua itakuja lini, mbuzi wapelekwe upande gani. Nikisema neno aliitikia "Mm." Syombua akisema neno lilelile, alisimama na kulifanya.

Mwaka ule wa kiangazi kirefu, fisi aliingia kwenye zizi la mbuzi wetu. Syombua akapiga nduru na kilima chote kikaja. Fisi akauawa, wanaume wakakaa kwetu mpaka mchana wakinywa uji na kusimulia, na kila aliyesimulia alianza na, "Nilipoisikia sauti ya Syombua..." Mimi ndiye niliyekuwa nikipika uji huo. Nilizunguka na kibuyu kati yao na hakuna aliyeinua macho.

Wiki mbili baadaye, mchana, nikiwa peke yangu bomani, nilipanda lile jiwe nikapiga nduru. Nikasema, "Chui! Chui!"

Hapakuwa na chui, Mueni. Hapakuwa hata na paka. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimetoka kufagia, nikalitazama lile jiwe, na miguu ikapanda. Nikaona watu wakitokea mashambani kama siafu, wanaume na pinde zao na mapanga, baba yako mbele yao akikimbia kama ambavyo sikuwahi kumwona akikimbia. Nitakwambia ukweli wote: kwa muda mfupi nilifurahi. Nilifurahi sana. Halafu mzee Nzioka, jirani yetu, akajikwaa kwenye mawe akaanguka. Goti lilifunguka. Alichechemea mpaka alipokufa. Ulikuwa ukimsaidia kubeba maji, na hukujua alikuwa akichechemea kwa sababu ya mama yako.

Walitafuta nyayo. Hapakuwa na nyayo. Wakaanza kutazamana. Syombua alikuwa amefika kutoka shambani, akainama, akazunguka mahali pale. Aliposimama macho yetu yalikutana na nikajua kwamba anajua. Akawageukia wanaume akasema, "Amepita juu ya mawe. Chui akipita juu ya mawe mtaona nini?"

Alinifunika mbele yao wote, na mimi nikamchukia kuliko siku zote. Angenitukana ningekuwa na mahali pa kushika. Sasa nilikuwa na deni la wema, na hakuna kitu kibaya kama kudaiwa wema na mtu unayemwonea wivu.

Watu waliiamini habari ya mawe nusu tu. Nikaanza kusikia vicheko vidogo kisimani. "Mama Mueni, chui wako hajambo?"

Siku chache baadaye nilikuta mmekaa wawili chini ya mgunga, yeye akikuonyesha ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Alikuwa akikwambia kwamba ndege yule ni mlinzi mzuri, anapiga kelele mwewe akija na ndege wengine wote wanamshukuru, lakini siku nyingine anapiga kelele hizohizo bila mwewe yeyote, ili wenzake waangushe chakula aokote. Ukamwuliza, "Na wakijua?" Akasema, "Basi siku ya mwewe wa kweli watabaki wanakula."

Nilikuwa nyuma ya ua na nilisikia kila neno. Nilijua ananisema mimi kwa mtoto wangu. Leo sina hakika. Pengine alikuwa akimfundisha mtoto habari za ndege. Lakini mtu mwenye hatia akisikia majina ya ndege husikia jina lake.

Sasa nifike mtoni.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi hicho. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, na visima vilikuwa vimechimbwa mpaka mwanamke akiingia ndani huoni kichwa chake. Anachota kidogo kidogo kwa kata, anapandisha kwa mwenzake, na foleni ya punda na madebe inasubiri. Unajua ulivyo mto wa mchanga. Mvua inanyesha huko mbali milimani, watu hapa wana vumbi kwenye kope, na maji yanakuja chini ya jua kali bila wingu hata moja.

Asubuhi hiyo tulikuwa sote jikoni kwangu, baba yako akinywa chai. Syombua aliingia akasema, "Jana kabla sijalala niliona umeme upande wa milima, mwingi, bila kupumzika. Mimi naenda kulima. Mama Mueni, wewe unaenda mtoni mapema. Waambie wanawake leo wasikae ndani ya visima. Wachote upesi watoke."

Baba yako hakuwa akisikiliza. Alikuwa amemaliza chai, amesimama mlangoni akifunga kamba ya kiatu. Lakini mimi nilisikia. Nikasema, "Haya."

Nilifika mtoni kabla jua halijawa kali. Wanawake walikuwa kama ishirini. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikafikiria nitakavyolisema: "Syombua amesema..." Nikawaona watakavyotoka mara moja, na watakavyosema, "Ah, kama ni Syombua." Na nikiondoa jina lake, nikisema ni mimi niliyeona umeme, watacheka na kuniuliza habari za chui. Njia zote mbili zilikuwa na kidonda changu. Sikutaka kuwa kinywa cha Syombua. Nikajaza madebe yangu, nikafunga punda, nikapanda ukingo nikaenda nyumbani.

Huo ndio wivu, mwanangu. Watu hudhani wivu ni kumtakia mwenzako mabaya. Mimi sikumtakia yeyote mabaya. Nilinyamaza tu, na ilikuwa rahisi kama kupumua.

Saa sita nilirudi kwa safari ya pili. Kwenye ukingo, punda akasimama. Nikampiga, hakusogea. Masikio yake yalikuwa yameelekea juu ya mto, yote mawili, yamenyooka. Halafu kanga wakatoka mbio kwenye vichaka vya ndani ya mto, kundi zima, wakipanda ukingo kwa miguu bila hata kuruka. Nikahisi harufu ya udongo uliolowa, na hapakuwa na wingu. Nikajua maji yanakuja.

Nikatazama chini. Visima vilikuwa vimejaa wanawake. Na kando ya kisima cha katikati, kwenye mchanga, niliona gauni la manjano. Ulikuwa umetoroka nyumbani na mtoto wa Katunge, jirani yetu, mkaja kucheza mtoni. Sikujua. Naapa mbele za Mungu sikujua.

Nikapiga nduru. "Maji! Tokeni! Maji!"

Kichwa kimoja kikatokea kisimani. Kikatazama juu ya mto, kikaona mchanga mweupe na jua. Na nikasikia, wazi kabisa, mtu akisema, "Mama Mueni ameona chui mwingine, leo anaogelea," na kicheko kikazunguka visima vyote. Nikaendelea kupiga nduru huku nikiteremka mbio, na najua sauti yangu ilikuwa imepasuka, na wao wakaendelea kuchota. Wewe ulinipungia mkono.

Ndipo niliposikia nyuma yangu, kule juu shambani, Syombua akiipokea.

Hakuwa ameona kitu. Mahali alipokuwa akilima mto hauonekani. Alichosikia ni sauti yangu tu, sauti aliyojua vizuri kuliko wote kwamba imewahi kudanganya. Hakungoja hata pumzi mbili. Aliipokea akaipiga, "Maji! Maji!" ikapita juu ya kichwa changu ikaingia mtoni, na wanawake walewale waliokuwa wakicheka wakaruka kutoka visimani kama panzi. Katunge, aliyekuwa akichota pale, alikushika wewe kwa mkono mmoja na mwanawe kwa mwingine, akapanda na ninyi kwa magoti. Nilikuwa nusu ya ukingo nilipokudaka.

Maji yalikuja yakiwa na magogo mbele. Hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa nyumba unaotembea. Yalichukua punda watatu, madebe, kata na nguo zilizoanikwa. Mtu hata mmoja hakufa. Visima vilifutika kama havijawahi kuchimbwa.

Nilikushika mpaka ukalia kwamba nakuumiza. Ungefikiri siku kama hiyo moyo huwa na nafasi ya shukrani tu. Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini kabla jua halijatua, watu wakiwa wamejaa bomani kwetu wakimshika Syombua mikono, nilisikia kidudu cha wivu kimeamka ndani yangu kikisema: ni wewe uliyeona kwanza.

Jumapili mhubiri alimshukuru Mungu kwa sauti ya Syombua. Yeye akasimama katikati ya kanisa akasema, "Aliyeona ni Mama Mueni. Mimi niliipokea tu." Unajua watu walifanya nini? Walitikisa vichwa wakasema, "Tazama unyenyekevu wake." Hata ukweli alioutoa kwa ajili yangu ulirudi kwake ukiwa sifa.

Juma hilohilo baba yako akaanza kuuliza. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba umeme ulionekana usiku. Alituita wote wawili uani. Ulikuwa umelala mapajani mwa Syombua.

"Syombua," akasema, "uliona umeme?"

"Niliuona."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Asubuhi, jikoni. Nilimwambia Mama Mueni awaambie wanawake."

Baba yako akanigeukia. Mueni, nilikuwa na nafasi pana kama uwanja wa shule. Ningesema "Ndiyo, nilisahau." Hata hilo lingekuwa uongo mdogo tu. Nikakutazama wewe ulivyolala pale, mkono wako umeshika kanga yake, nikasema, "Hakuniambia kitu."

Baba yako akamgeukia Syombua tena. Halafu akamwambia yeye, si mimi, "Mtu aone umeme wa mto, ajue mtoto atakwenda huko, anyamaze mpaka apate nafasi ya kupiga nduru isikike?"

Sikuwa nimesema hayo. Aliyamalizia mwenyewe, kama mtu anavyomalizia mzigo ukishamtwisha nusu. Nikamwacha.

Syombua hakujitetea. Alikuinua taratibu akanikabidhi. Kesho yake asubuhi alifunga kiondo chake. Alipopita mlangoni kwangu alisimama, akasema kwa sauti ya chini, yeye mwenye sauti ile, "Mama Mueni, nduru yako niliipokea bila kuuliza." Akaenda. Alivuka mto Athi akarudi kwa kaka yake Mukuyuni, na wewe ukasimama langoni.

Nilipata mji peke yangu, na mume, na mtoto. Nikuambie jinsi mji huo ulivyokuwa mtamu? Baba yako aliendelea kuniambia "Mm." Wewe ulikuwa mtoto wa kimya. Na mara nyingi kuku akilia nilitoka nje nikatazama juu na chini, kwa sababu sikujua ni mwewe au ni nyoka, na sikuwa na wa kumwuliza.

Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Ilinipasa nipeleke habari Mukuyuni. Alikuwa mkewe wa kwanza. Sikupeleka. Nilitaka niwe mjane peke yangu, watu wanipe mkono mimi tu. Tukazika. Wewe ukarudi shuleni, na wiki ya pili nikamwona akija kwa njia, mrefu bado, na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa amesikia sokoni, kwa mtu wa kupita. Alisimama kaburini, akaja akanywa chai yangu. Aliuliza neno moja tu: "Mueni ni mrefu?" Nikasema, "Ni mrefu." Habari ya umeme sikuigusa. Akaondoka. Sikukwambia kwamba alikuja.

Baba yako alikufa akiamini uongo wangu. Hilo haliwezi kutengenezwa. Ukiwa na jambo la kusema kwa mtu, usingoje upate ujasiri. Ujasiri wangu ulifika baada ya mazishi.

Barua ya chuo chako ilipokuja mwezi uliopita, ulicheza uani ukanirukia. Usiku wake nilijua kwamba siwezi kukuacha uende na uongo ule. Alhamisi iliyofuata nikakwambia naenda Wote kutazama kitambaa. Nilikwenda Mukuyuni. Nilimkuta nje ya nyumba ya kaka yake akipukuchua maharagwe. Hakushangaa. Alinisogezea kigoda na ungo, nikaanza kupukuchua pia, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Nimekuja kusema," nikamwambia.

"Ni habari ya umeme?"

"Ndiyo. Uliniambia. Nilisikia. Sikuwaambia, na nikamdanganya Kilonzo."

Aliendelea na maharagwe. "Miaka kumi na minne," akasema. Halafu akasema, "Hapa Mukuyuni nilikaa miaka miwili sipigi nduru hata nikiona nyoka. Nilidhani hawatanipokea. Ulinichukulia nduru yangu."

Nilingoja aseme amenisamehe. Hakusema, na sijui kama atasema. Aliuliza, "Anakwenda kusomea nini?" Nikasema uuguzi. Akatabasamu kwa nusu ya uso. "Anasikiliza bado?" Nikasema unasikiliza. Akaniuliza wewe unakula nini, unaimba sauti gani, kama ulibaki na kovu la kidevu. Kovu nilikuwa nimelisahau. Nilikaa pale mbele ya mtu niliyemwibia mambo yote hayo, na Mungu anisamehe, nikaona wivu kwamba analikumbuka kovu na mimi nimelisahau.

Sikwambii haya ili unihurumie. Na sitakuambia usiwe na wivu. Utakuwa nao, ni wa damu yangu. Nakwambia kwamba unaanza kidogo sana, kama kunyamaza kisimani. Utakuwa kwenye wodi. Kutakuwa na mgonjwa anayelia kila siku bila kitu, mpaka wauguzi wote wanacheka wakimsikia. Siku akilia tena, inuka uende umtazame. Na kutakuwa na muuguzi mwenzako ambaye daktari anamsikiliza kuliko wewe. Akikuachia neno la kufikisha, lifikishe, na ulifikishe na jina lake.

Kama baada ya kusoma haya hutaki kuniandikia kwa muda, nitangoja. Kama utataka kwenda Mukuyuni kila likizo kabla ya kuja kwangu, nenda. Usidhani sitaumia. Nitaumia, nitakaa hapa mlangoni nikihesabu siku unazompa yeye, na hilo liwe langu, usilibebe.

Nasikia sauti yako kwa njia, unaongea na Katunge. Nitaikunja hii niiweke ndani ya Biblia yako, uipate ukishapanda gari. Kesho nitakapokuwa nimesimama barabarani nakupungia, nitajua kwamba kuna mwanamke mwingine upande ule anayeangalia jua na kuhesabu safari yako. Wakati mmoja nilimtoa katika mji wetu kwa sababu hiyohiyo. Safari hii ni mimi niliyemtumia habari ya siku, gari na saa utakayofika.

Mama yako,
Kamene